Mguu mmoja vaselini, mguu mmoja krimu: kuchagua mafuta ya ngozi kavu kiangazi cha Lubumbashi

Mwezi wa sita, Lubumbashi, huku kusini mwa Kongo, inaamka na baridi ya kumfanya mtu aitazame ndoo ya maji dakika nzima kabla ya kutia mkono. Mji uko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na mvua imekwisha kuaga zamani. Kilichobaki ni upepo, vumbi jekundu la barabara, na hewa inayokausha nguo kwenye kamba na watu pamoja. Shingo zinapauka, midomo inapasuka, visigino vinanasa kwenye blanketi.

Mwanangu Trésor ana miaka sita, na ana ukurutu, ekizema kama wanavyosema madaktari wetu, tangu alipokuwa na miezi minne. Kwake kiangazi ni jambo la usiku. Kwanza nasikia kucha, krr krr krr nyuma ya goti, ndipo nasikia kilio.

Nimeshanunua kila kitu. Jirani akisema hiki, nanunua. Tantini akileta kile kutoka Kasumbalesa mpakani, nashukuru, napaka. Ikafika siku rafu yetu ina makopo saba na mtoto bado anajikuna. Mwaka jana nikaamua kupima kwa macho yangu: mguu wa kushoto vaselini, mguu wa kulia krimu ya farmasi isiyo na harufu, asubuhi na usiku, wiki mbili, mengine yote yabaki vilevile.

Usiku wa tatu vaselini ilikuwa inaongoza. Goti la kushoto lililainika, la kulia bado lilikuwa na ule ukavu wa majivu. Siku ya kumi, mguu wa kulia ukawa umepita. Sikuelewa mpaka asubuhi moja nilipomfuata mtoto nyuma ya nyumba nikamkuta anafuta mguu wa kushoto kwa soksi. "Mama, suruali inanikamata," akasema. Vaselini ilikuwa nzuri, ila haikuwa mguuni.

Mtungi unaovuja

Mtungi mpya wa udongo ukijazwa maji unatoa jasho upande wa nje. Ngozi ya mwenye ukurutu iko hivyo: maji ya ndani yanatoka, na sabuni, vumbi na vijidudu vya nje vinapata njia ya kuingia. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wenye ukurutu wana hitilafu kwenye jeni ya filagrini, protini inayosaidia kujenga tabaka la juu la ngozi. Hitilafu hiyo inaonekana zaidi kwa Wazungu kuliko kwa watu weusi, kwa hiyo mitungi yetu ina sababu nyingine za kuvuja. Lakini inavuja.

Karatasi nyingi za ushauri zinakuambia utafute wekundu. Kwa Trésor sijawahi kuuona. Naona kijivu, kahawia iliyokolea, mara nyingine rangi ya zambarau, na vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Alama nyeusi zinabaki miezi baada ya mwasho kuisha. Mama anayesubiri wekundu kwa mtoto mweusi anaweza kusubiri mpaka damu itoke.

Mafuta ya ngozi yana kazi tatu. Mengine yanaziba ili maji yasitoke, kama vaselini. Mengine yanavuta maji na kuyashika, kama glycerini na urea. Mengine yanajaza nafasi kati ya magamba ili ngozi iwe laini, kama mafuta mengi ya mimea. Krimu nzuri inachanganya zote tatu. Hakuna hata moja inayoondoa ukurutu moja kwa moja, na hata kuuzuia usije ni shida: utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2020, uliofuata watoto wachanga 1,394 waliokuwa kwenye hatari ya kuupata, ulionyesha kwamba kuwapaka kila siku mwaka wao wa kwanza hakukuuzuia. Kwa hiyo wewe mwenye mtoto mchanga asiye na tatizo, usiuziwe kopo la bei kali kwa hofu.

Vaselini na krimu

Vaselini, yaani jeli ya petroli, haina maji ndani yake. Kwa sababu hiyo haihitaji dawa ya kuzuia isiharibike, na ndiyo maana ni nadra kuchoma hata penye mipasuko. Kwa kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi, sijui kitu cha kawaida kinachoishinda. Bei yake ni ya watu wote, na iko kwenye kila kibanda kuanzia Katuba mpaka Ruashi. Angalia tu kwamba si ile yenye rangi na marashi.

Ubaya wake unaonekana kukicha. Inanata. Suruali ya shule inakamata, vumbi la njiani linajikusanya juu ya magoti, na mtoto anafika darasani kama amechovywa kwenye unga wa matofali. Na mwezi wa kumi, joto linapopanda kabla ya mvua, inafungia jasho na vinyweleo vinaota vipele. Halafu kuna kosa ambalo nilifanya miaka: kuipaka juu ya ngozi kavu kabisa. Vaselini haileti maji, inafunga mlango tu. Ukifunga mlango maji yameshatoka, umefungia ukavu ndani.

Krimu ni mafuta na maji yaliyochanganywa yakashikana. Inaingia, haiachi utelezi, unavaa nguo baada ya dakika chache. Lakini penye maji panahitaji dawa ya kuzuia kuoza, na hizo dawa, pamoja na marashi, ndizo zinazofanya mtoto aruke ukimpaka penye mchubuko. Na bei: nilipoacha kununua kopo moja la krimu na kuchukua vaselini kwa pesa ileile, nilirudi nyumbani na makopo matatu.

Nani anashinda? Uingereza walilipeleka swali hili kwa watoto 550 wenye ukurutu, wa miezi sita hadi miaka kumi na miwili. Kundi moja lilipewa losheni, jingine krimu, jingine jeli (si vaselini), jingine marhamu, yaani mafuta mazito ya jamii ya vaselini. Matokeo yalitoka mwaka 2022: baada ya wiki kumi na sita hakuna aina iliyoishinda nyingine. Kuchoma kulikuwa kidogo zaidi kwa waliopaka marhamu, basi. Waandishi wa utafiti walisema familia ichague ile inayoipenda. Miguu ya Trésor ilikuwa imeniambia hivyo bure.

Kwangu mimi uamuzi umekuwa wa saa, si wa kopo. Vaselini usiku, akiwa ndani ya pijama ya pamba ambayo haina haja ya kupendeza. Krimu asubuhi, kwa sababu asubuhi ana haraka na ana aibu. Mtu mzima anayeshika karatasi, pesa au simu siku nzima atafanya vilevile. Anayefua nguo za watu au kusuka nywele, mikono ndani ya maji na dawa kutwa nzima, huyo namwambia aweke vaselini mfukoni na asisubiri usiku.

Chupa ya lait

Losheni, ile ya chupa tunayoiita lait, sehemu yake kubwa ni maji. Mwezi wa kwanza, hewa ikiwa imejaa unyevu, inatosha kwa mtu mwenye ukavu wa kawaida, na ni rahisi kuisambaza penye nywele. Kiangazi, ukiipaka saa moja asubuhi, saa nne umeshapauka tena. Nyingi zina harufu kali, hata zile zenye picha ya mtoto, na harufu ni kati ya vitu vya kwanza kukwepa kwenye ukurutu. Sina zaidi ya kusema juu yake.

Glycerini, mpenzi wa mji

Glycerini iko kwenye kila meza ya kioo. Ni nzuri kweli: inavuta maji na kuyashika kwenye tabaka la juu, na ukisoma nyuma ya krimu za farmasi utaikuta kwenye mstari wa kwanza au wa pili, mara nyingi baada ya maji tu. Shida ni jinsi tunavyoitumia. Ikipakwa tupu wakati hewa imekauka, haina maji ya kuvuta kutoka nje, kwa hiyo inayavuta kutoka chini ya ngozi. Unang'aa saa moja, halafu unakazana. Tena inanata, na vumbi letu halihitaji mwaliko.

Ichanganye: kijiko kimoja cha glycerini kwa vitatu au vinne vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Tengeneza kidogo, cha siku moja mbili, maana maji yanaalika vijidudu. Paka ngozi ikiwa bado mbichi ya kuoga, kisha funika kwa vaselini nyembamba. Kwa pesa ndogo utakuwa umepata kinachovuta na kinachofunga. Usiweke limau. Najua dada zetu wanaliweka ili ngozi "itoke", lakini linachoma penye mipasuko, na ukitoka juani likiwa mwilini linaweza kukuachia madoa meusi kuliko yale uliyokuwa unayafukuza.

Urea inafanana nayo kwa kazi, tena ina nguvu. Krimu ya urea ya asilimia 10 ndiyo iliyonirudishia visigino vyangu baada ya viatu vya wazi vya kiangazi kizima. Lakini inauma kama pilipili penye jeraha, na kwa mtoto mdogo sigusi bila daktari.

Mafuta ya jikoni na ya kanisani

Mama mkwe wangu hana muda na makopo. Yeye ni mafuta ya mise, ya kokwa za mchikichi, yenye harufu ya moshi inayoingia mpaka kwenye pazia. Wajukuu wote amewapaka hayo. Simbishii: asidi ya lauri iliyo nyingi humo ndiyo iliyo nyingi kwenye mafuta ya nazi, na mafuta ya nazi yana ushahidi wake. Ufilipino, utafiti wa watoto 117 wenye ukurutu uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba baada ya wiki nane mafuta ya nazi yasiyochujwa kwa kemikali yalisaidia kuliko mafuta ya madini, yale yatokanayo na petroli. Ila nazi inasafiri mpaka ifike huku kwetu Katanga, na chupa yake ni ndogo na ghali. Ya mise ninayaacha kwa ukavu wa kawaida, miguu na mikono ya watu wazima. Kwenye goti lililochubuka la Trésor, hapana. Harufu peke yake inamfanya asilale.

Mafuta ya alizeti, yale yale ya kupikia, mapya si yaliyokaangiwa samaki, ni bora kuliko sifa yake. Yamejaribiwa upande kwa upande na ya zeituni mwaka 2013: ya zeituni yalidhoofisha tabaka la juu la ngozi, ya alizeti hayakufanya hivyo. Naandika hili kwa heshima, kwa sababu mji wetu una chupa nyingi za mafuta ya zeituni yaliyoombewa. Tone la upako kwenye paji la uso ni kati yako na mchungaji wako. Kumsugua mtoto mwenye ukurutu mwili mzima kwa hayo kila jioni ni jambo jingine. Ya karanga pia nayaweka mbali na ngozi ya mtoto mchanga iliyopasuka, kwa sababu yamehusishwa na mzio wa karanga baadaye.

Karité, ile siagi nzito wanayoleta Wafrika Magharibi, ni nzuri ikiwa safi. Iyeyushe mkononi kwanza. Ukimsugulia mtoto bonge, unamkwangua.

Tyubu iliyoponya kwa siku nne

Hii nilinunua soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, kwenye meza iliyopangwa vizuri, kwa mama mwenye ulimi mtamu. "Mamu, paka siku tatu tu, utanitafuta unishukuru." Na kweli. Siku ya nne Trésor alilala usiku mzima, ngozi imekuwa laini kama karatasi ya kitabu kipya. Nikatafuta tyubu ya pili. Mwezi wa pili ngozi ya ndani ya kiwiko ilikuwa imekuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na kila nilipokosa kupaka siku mbili ukurutu ulirudi mkali kuliko wa kwanza.

Nilikuwa sijasoma herufi ndogo: propionate de clobétasol. Hiyo si mafuta ya kulainisha. Ni steroidi, dawa ya kutuliza ngozi iliyowaka, tena kati ya zile kali kabisa, ambayo daktari anaitoa kwa muda mfupi na kwa sehemu maalumu. Inauzwa mezani katikati ya losheni za kujichubua kwa sababu nayo inafifisha rangi. Ukilinganisha makopo, hili ndilo litakaloshinda wiki ya kwanza kila mara, na ndiyo sababu nasema: kitu cha kulainisha hakimalizi ukurutu kwa siku nne. Kikifanya hivyo, geuza boksi usome. Ukikuta clobétasol, hydroquinone (dawa ya kuchubua) au neno lolote la zebaki, rudisha mezani. Kama umeshaitumia miezi, usiikate ghafla peke yako. Ibebe hiyo tyubu uende nayo kwa daktari.

Baada ya hapo nikaingia kosa la upande wa pili, nikakataa kila steroidi. Daktari alitoa hydrocortisone hafifu kwa siku chache za mlipuko, yaani ukurutu unapowaka, mimi nikaificha kabatini na kuongeza vaselini. Mtoto aliteseka wiki nzima bila sababu. Ngozi ikishawaka, mafuta peke yake hayazimi. Yanafanya kazi kati ya mlipuko na mlipuko, ili wa pili uchelewe. Siku za dawa napaka vyote viwili, naacha kama nusu saa katikati.

Kiasi, hapo ndipo tunapoibiwa

Mwongozo wa Uingereza unasema mtoto mwenye ukurutu apewe gramu 250 hadi 500 za mafuta kwa wiki. Kwa wiki! Nilicheka, halafu nikapima. Tyubu yangu ya gramu 100 nilikuwa naipeleka mwezi mzima, kwa vidole viwili, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa wageni. Hata kwa kiwango cha chini, gramu 250 kwa wiki ni kilo moja kwa mwezi. Hapo ndipo hesabu inageuka: krimu ya bei kali inayopakwa kidogo inashindwa na vaselini ya kibandani inayopakwa ya kutosha. Kabla ya kuuliza lipi ni bora, uliza lipi utaweza kununua tena tarehe 20, mwezi haujaisha.

Pesa nyingine ya kuokoa ni ya mafuta ya kumimina kwenye maji ya kuogea. Watoto 482 walifuatwa mwaka mzima, matokeo yakatoka mwaka 2018: hayakuongeza faida yoyote juu ya kupaka kwa kawaida.

Maji yenyewe yawe ya vuguvugu, dakika tano hadi kumi, hata kama baridi inakuomba uyaache yachemke. Sabuni ya kipande ya kufulia ibaki kwenye nguo. Mwilini sabuni laini, tena kwapani, sehemu za siri na miguuni tu. Kausha kwa kubonyeza taulo, usisugue, na upake ndani ya dakika chache ngozi ikiwa bado na unyevu. Teremsha mkono kufuata malaika, yaani vinyweleo, kuelekea chini. Na chota kwa kijiko safi. Vidole vilivyokuna vikiingia koponi, kopo linakuwa shamba la vijidudu.

Na mbabula, jiko letu la makaa. Baridi ya mwezi wa sita inatukusanya wote karibu na makaa, na umeme ukikatika tunawasha mishumaa. Nguo na shuka zilizoloa vaselini au krimu zinashika moto upesi na kuwaka kwa kasi. Uingereza walitoa onyo hilo mwaka 2018 baada ya watu kufa, na kufua hakuyatoi mafuta yote kwenye kitambaa. Trésor akishapakwa, hakai upande wa mbabula. Anakaa upande wa bibi, ambaye naye ana joto la kutosha.

Kuna ngozi ambayo kopo lolote halifai. Nyumba nzima ikijikuna usiku, na vipele viko katikati ya vidole, huo ni upele unaoambukiza, mnahitaji dawa wote siku moja. Maganda ya rangi ya asali yanayotoa majimaji ni maambukizi. Malengelenge mengi yenye maumivu pamoja na homa, usipake chochote, nenda hospitali siku hiyohiyo. Malengelenge ya herpesi yanaweza kusambaa vibaya kwenye ngozi yenye ukurutu, na nchi yetu inaijua mpox, ile homa ya nyani yenye malengelenge.

Rafu imebaki na vitu vitatu: vaselini kubwa, krimu isiyo na harufu, na kikombe chenye kijiko. Mwaka huu Trésor ameanza kujipaka mwenyewe mguu wa kulia. Wa kushoto ananiachia mimi, anasema huo ulishazoea kuonewa.